Mtoto wa miezi minane, dada mmoja na nyumba nzima: kazi zipi ni zake?

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na yuko chekechea, mdogo ana miezi minane. Tunaishi Kimara, mimi na mume wangu wote tunafanya kazi mjini. Miezi mitatu iliyopita shangazi yangu alinitafutia binti wa miaka 19 kutoka Singida. Tulikubaliana alee mtoto na kufanya kazi ndogondogo za ndani, mshahara 100,000 kwa mwezi, anakula na kulala kwangu. Mtoto kamzoea sana, hapo sina lawama. Ila nikirudi saa moja usiku nakuta nyumba haijadekiwa, nguo bado ziko kwenye beseni, siku nyingine hata chakula cha usiku hakijabandikwa. Mama mkwe alikuja kukaa wiki mbili, akasema binti analala mchana pamoja na mtoto na kwamba mimi namdekeza. Nilipomsema alinyamaza tu, siku mbili baadaye akaniambia kwao wanamwita. Juzi kavunja hotpoti yangu mpya. Naomba kujua: yaya anatakiwa afanye kazi zipi na zipi si zake? Hotpoti nimkate? Na nimwache aende nitafute mwingine mchapakazi?

Mama wawili, Kimara

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijafika kwenye hayo matatu, kuna swali ambalo hukuliuliza, na bila hilo mengine hayajibiki. Kwa siku moja, huyo binti ana saa ngapi ambazo mikono yake haina mtoto? Tuzihesabu, maana wengi wetu tunapanga kazi za nyumba kana kwamba mtoto ni kitu kinachokaa pembeni mpaka kazi ziishe.

Ili uwahi mwendokasi kabla kituo hakijafurika, unatoka nyumbani kama saa 12 asubuhi. Basi yeye yuko macho tangu saa 11: maji ya kuoga, chai, mkubwa aamshwe, avalishwe, anyweshwe uji, apelekwe barabarani kusubiri gari la shule. Mdogo naye anaamka humo humo katikati. Mtoto wa miezi minane Shirika la Afya Duniani linashauri ale milo miwili hadi mitatu kwa siku, mbali na maziwa. Mwezi ujao akifikisha tisa inakuwa mitatu hadi minne, na vitu vidogo vya kula katikati. Mlo mmoja wa mtoto wa umri huo si dakika kumi. Kuna kupika uji au kuponda viazi, kupooza, kulisha kijiko kimoja kimoja huku nusu inatemwa, kumnawisha, kumbadilisha nguo, kuosha vyombo vyake vizuri. Ukimaliza kwa dakika arobaini umefanya haraka. Kisha nepi, kuoga, kumbembeleza. Na kwa sasa anatambaa, anashika stuli na kusimama, anaokota kila kilichoanguka na kukitia mdomoni. Huyo huwezi kumpa kisogo hata ukaunge mboga.

Analala mchana mara mbili, jumla saa mbili, siku njema tatu. Hizo ndizo saa ambazo mikono ya binti iko huru katika saa 13 usizokuwepo. Nazo zinakuja vipande viwili, na hakuna ajuaye kipande kitakatika saa ngapi. Ndani ya hizo inabidi aoshe vyombo vya asubuhi, afue nguo za mtoto, ampikie mkubwa chakula cha mchana kabla gari halijamrudisha, aoge, ale. Kinachobaki ni nusu saa, labda. Deki ya nyumba nzima, nguo za watu wazima wawili na chakula cha usiku, vyote ulivipanga kwenye nusu saa hiyo.

Kwa hiyo nisikuzungushe: umeajiri mtu mmoja kwa kazi mbili, na moja kati ya hizo ameifanya vizuri. Kazi aliyoiacha ni ile inayoweza kusubiri. Mimi ningeogopa zaidi kama ungeniandikia kwamba ukirudi unakuta sakafu inang'aa, pasi imepigwa, wali umeiva, na mtoto kalowa nepi ile ile ya saa nne.

Sheria nayo ina la kusema, na waajiri wa majumbani wengi hawaijui, si kwa ubaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa ndani. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku zisizidi sita. Ukiongeza na za ziada, mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Anayelala kwa mwajiri anaweza kupunguziwa mapumziko ya usiku kutoka saa 12 hadi 8, lakini si chini ya hapo, na kila wiki apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Na kukaa na mtoto ni kazi hata kama binti ameketi kwenye mkeka anacheza naye. Wanaohesabu kazi kwa jasho hawalioni hilo.

Tufanye hesabu ya fedha kidogo, haitakupendeza. Chukua 100,000 zako, gawanya kwa wiki nne na theluthi, kisha kwa saa 45, unapata kama shilingi 513 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, tuseme 770. Kama anafanya saa 13 kwa siku, siku sita, ni saa 78 kwa wiki, yaani saa 33 zaidi ya 45. Zidisha. Ni zaidi ya 25,000 kila wiki, na mwezi ukiisha ziada peke yake imeupita mshahara. Halafu hata ukiwa tayari kuilipa, sheria hairuhusu zaidi ya saa 50 za ziada ndani ya wiki nne. Sisemi haya ili ukimbilie kumwongeza leo. Nasema ili neno mchapakazi ulilolitumia ulipime upya. Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa anayekuja asubuhi na kurudi kwao. Viwango hivyo hurekebishwa, pita ofisi ya kazi uulize kinachotumika leo. Lakini kima cha chini kimewekwa kwa mtu wa saa 45, si wa saa 78.

Sasa kazi zenyewe. Watu huniomba orodha, yaya hufanya hiki, hafanyi kile. Orodha ya hivyo huwa inadumu wiki mbili, kwa sababu siku mtoto anaota jino au ana homa orodha nzima inaanguka na mnarudi kwenye kununiana. Ninachokushauri ni kuzipanga kwa mfuatano, ili binti ajue siku ikimwelemea aache kipi kwanza bila kuogopa.

La mbele kabisa ni kila kinachomgusa mtoto: chakula chake, vyombo vyake, nguo na nepi zake, kuoga, mahali anapolala, na ile sehemu ya sakafu anayotambaa. Hiyo sehemu ifagiliwe na kupanguswa kila siku, hilo mdai bila haya. Hapo hapo weka chakula cha mchana cha mkubwa na sare yake ya kesho. Haya hayaachwi, siku iwe njema au mbaya.

Yanayofuata ni yale yanayowezekana mtoto akiwa macho karibu yake. Si mengi. Kukunja nguo zilizoanuliwa, kuchagua mchele au maharage mezani, kufagia sebule, kupanga chumba cha watoto. Usitegemee yaishe. Atakunja nguo tatu, mtoto atazitawanya nne.

Kisha kuna kazi ambazo mimi nasema zisifanywe kabisa akiwa peke yake na mtoto aliye macho, hata kama anaziweza na hata kama ana moyo wa kuzifanya. Kudeki kwa ndoo ni mojawapo, na hapa nitakaa kidogo. Mtoto anayejifunza kusimama huinamia ndoo, kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akitumbukia hawezi kujiinua. Maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha, na huwa hapigi kelele. Ndoo ya deki, beseni la kulowekea nguo, pipa la akiba la siku maji ya bomba yakikatika, vyote visiwe wazi mahali anapofika. Lile beseni la nguo lililokukasirisha jioni, mdogo wangu, mimi lingenikasirisha kwa sababu hiyo nyingine. Kuna jiko la mkaa chini sakafuni, kuna kukaanga, kuna chungu cha uji kilichotoka kuepuliwa, kuna pasi na waya wake unaoning'inia. Watoto wengi wanaofika hospitali wameungua, wameungulia jikoni, na uji na chai huunguza vibaya kama moto wenyewe. Kama mnapika kwa mkaa, chakula cha mchana kipikwe mtoto akiwa amelala. Asipolala siku hiyo, wale mkate na chai na matunda, hakuna atakayekufa.

Zilizobaki zinahamia kwenye saa ambazo wewe au baba watoto mko nyumbani. Chakula cha usiku ndicho kikubwa. Hapo kuna njia mbili tu za kweli: ukirudi umpokee mtoto, naye aingie jikoni, au wewe uingie jikoni, naye aendelee na mtoto. Ya tatu, ya kukuta kimeiva saa moja, inawezekana siku chache, na siku hizo mtoto atakuwa amekaa mbele ya televisheni. Unaweza pia kurahisisha. Maharage ya wiki nzima yakichemshwa Jumamosi na kugawanywa kwenye friji, jioni ni kuunga tu. Nazi ikunwe mapema. Mboga zichambuliwe wewe ukitoka na mfuko wa genge usiku, zikae tayari. Deki ya nyumba nzima mara mbili kwa wiki inatosha, Jumamosi asubuhi na siku moja ya kati mume wako akiwahi kurudi.

Nguo zenu ninyi wawili zina habari yake. Kufua kwa mkono mashuka, jinzi na mashati ya watu wazima wawili ni kazi ya nusu siku ya mtu asiye na mtoto mgongoni. Mitaa ya Kimara ina akina mama wanaofua kwa malipo ya siku. Mtafute mmoja aje mara moja kwa wiki. Utaona gharama, halafu utaelewa ulikuwa unaipata kazi hiyo bure kutoka kwa nani. Kama fedha hairuhusu, basi Jumamosi mfue pamoja, baba watoto akae na mtoto. Nguo za ndani kila mtu mzima afue zake akioga. Najua nyumba ambazo hili huonekana dogo. Mimi silioni dogo. Binti wa miaka 19 kukabidhiwa chupi za baba mwenye nyumba ni jambo linaloondoa mpaka ambao baadaye mtautafuta msiupate.

Nikirudi kwenye lile la kulala mchana. Hukusema usiku mtoto analala na nani. Kama analala na binti, na wengi mlio kazini mmepanga hivyo ili muamke mna nguvu, basi binti anaamka mara mbili tatu kumbembeleza na kumpa maziwa, kisha saa 11 yuko jikoni. Mtu wa namna hiyo asipolala mchana atalala akiwa ameshika mtoto, na hapo ndipo watoto hudondoka. Mruhusu alale kipande cha kwanza cha usingizi wa mtoto, umwambie kwa mdomo wako ni ruhusa. Na kazi ya usiku, kwa sheria kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Ingekuwa mimi, mtoto angelala chumbani kwenu siku za kazi angalau nusu ya wiki.

Mama mkwe hakusema uongo, alisema alichokiona. Atakuambia pia yeye alilea sita bila dada, na ni kweli. Lakini muulize kwa upole nani alikuwa nyumbani siku hizo. Utasikia wifi, mdogo wake aliyekuja kusoma, bibi uani, mtoto wa kwanza aliyembeba wa tatu mgongoni, jirani ambaye mlango wake haufungwi. Wewe Kimara una geti limefungwa na binti mmoja. Usibishane naye. Hilo ni la mume wako, aongee na mama yake kwa heshima kwamba maagizo ya kazi yanatoka kwako peke yako, na jambo likionekana aambiwe yeye au wewe, si binti. Binti anayepewa amri na watu watatu hufanya ya yule aliye karibu, halafu analaumiwa na wawili waliobaki.

Na hapa niseme kitu ambacho nadhani ndicho kimeharibu zaidi ya sakafu. Ukirudi jioni, macho yako yanaanzia wapi? Kama yanaanzia kwenye vigae na beseni, na mchana ukipiga simu la kwanza ni "umeshadeki?", binti anajifunza haraka kinachokupendeza. Wiki mbili zijazo utakuta kumedekiwa. Hutaona kilichoachwa ili deki ipatikane, kwa sababu mtoto wa miezi minane hasimulii. Nimeona nyumba ambazo dada alisifiwa kwa usafi miaka, na mtoto alikuwa anafungwa kwa kanga kwenye kiti ili kazi ziende. Ukipiga simu, uliza amekula nini, amelala saa ngapi, amecheka na nini leo. Ukirudi, mpokee mtoto kwanza, umwangalie ngozi, nepi, kucha. Sifa ya kwanza iwe ya hapo. Beseni litazungumzwa baada ya chai.

Kuhusu "kwao wanamwita". Inawezekana ni kweli, mzazi anaugua au kuna msiba. Lakini ikija siku mbili baada ya kusemwa, mara nyingi maana yake ni kwamba amechoka au ameumia na hajui namna ya kumwambia mtu mzima aliyemwajiri. Mabinti wengi wanaotoka bara wamelelewa kunyamaza mkubwa anaposema, na ule unyamavu wake haukuwa jeuri. Hatakuja kukuambia "mama, kazi ni nyingi". Ataomba nauli.

Kwa hiyo zungumza naye, na usisubiri aanze. Chagua Jumapili mchana mkishakula, mume wako awepo, watoto wamelala au wako na jirani. Usimsimamishe, akae kwenye kiti kama ninyi. Anza na lililo kweli: "Mtoto unamlea vizuri, mimi na baba tunaliona, na tunakushukuru." Kisha umwombe akueleze siku yake toka anapoamka, wewe usikatize. "Niambie jana ilikuwaje. Wapi ulikwama?" Akikujibu "sawa tu mama", shika jambo dogo: "Jana mtoto alilala saa ngapi? Alipolala ulianza na nini?" Utapata habari nyingi hapo kuliko katika miezi mitatu yote. Muulize pia mwenyewe kazi gani inamwelemea zaidi. Nimeshasikia majibu ambayo mwajiri hakuyawaza kabisa, mtu anasema shida yake si deki, ni kushuka na ndoo mbili mpaka bombani huku mtoto analia ndani.

Mkimaliza, andikeni. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili cha nyumbani, nakala mbili, kila mmoja asaini. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo kwa maandishi: jina na umri wake, mahali alikotolewa, kazi yenyewe, tarehe aliyoanza, mahali pa kazi, saa na malipo. Mkifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, bila karatasi, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Kwenye sehemu ya kazi usiandike tena "kazi ndogondogo". Andika kitu kama hiki: "Kazi kuu ni kulea watoto wawili. Mtoto mdogo akiwa macho, kazi nyingine zinasubiri. Akilala, ataosha vyombo, atafua nguo za watoto na kupika mchana. Chakula cha usiku kitapikwa mzazi mmoja akiwa amerudi. Siku mtoto akiumwa, hakuna kazi nyingine." Weka saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na baada ya saa ya kumaliza asiitwe kuleta maji ya kunywa. Weka Jumapili yake, atoke, aende kanisani au msikitini au kwa ndugu yake, awe na simu yake. Mshahara tarehe ile ile kila mwezi, mkononi mwake au kwenye simu yake. Hayo ya "namtunzia mpaka aondoke" achana nayo hata kama shangazi ndiye aliyeshauri, na usimtumie mzazi wake bila yeye kutaka. Mkikwama katika kuandika, chama cha wafanyakazi kinachosimamia wa majumbani ni CHODAWU, waulizeni.

Ya chakula na malazi nayapita haraka: anakula mnachokula, si kiporo cha jana wakati ninyi mna cha leo, analala mahali penye mlango.

Kuongeza mshahara? Ukishapunguza kazi kwa namna hii, 100,000 inaanza kukaribiana na kazi yenyewe, ingawa kwa mtu anayelea mtoto mchanga toka alfajiri bado naiona ndogo, na ningeanza na nyongeza ya kiasi mwezi huu huu. Ukitaka zibaki zote, malezi na deki na kufua na kupika usiku, basi unahitaji watu wawili, au mmoja na msaada wa siku kadhaa kwa wiki. Dada wa peke yake anayeyaweza yote hayo na mtoto wa miezi minane hayupo Singida wala Iringa. Anayeonekana kuyaweza kuna kitu anakipunguza, na mara nyingi ni mtoto.

Hotpoti usimkate. Kifungu cha makato kinasema fidia ya kitu kilichoharibika inakatwa tu kama mfanyakazi amekubali kwa maandishi, uharibifu ulitokea kazini kwa kosa lake, umemweleza kwa maandishi sababu na kiasi, umempa nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato haizidi robo ya mshahara. Kwa hotpoti! Vyombo vya nyumba yenye watoto huvunjika, wewe mwenyewe umevunja. Kama unavipenda, vya thamani vikae juu ya kabati.

Sasa kubaki au kwenda. Ushauri wangu ni ufanye kila linalowezekana abaki. Mtoto wako yuko kwenye umri ambao watoto huanza kuwajua watu wao na kuwalilia. Kuanzia kama miezi minane wasiwasi wa kuachwa hupanda, na mgeni akiingia sasa mtalia wote nyumba nzima, wewe kazini ukiwa na simu mkononi. Umeniandikia kwamba amemzoea sana. Hicho ndicho kitu kigumu kukipata kwa dada wa kazi, na wewe unacho tayari. Kudeki hufundishika kwa siku moja.

Ikiwa mmezungumza, mmeandika, na bado anataka kwenda, mwache aende vizuri. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28 kwa pande zote mbili. Mwombe azikae, lakini ukiona moyo umeshatoka usimlazimishe, mtu aliyeondoka moyoni si wa kuachiwa mtoto. Mlipe siku zote alizofanya kazi, siku ile ile. Nauli ni juu yako: mkataba ukiishia mahali tofauti na alikochukuliwa, mwajiri humsafirisha mfanyakazi na mizigo yake au hulipa angalau nauli ya basi mpaka kituo kilicho karibu na alikotoka. Usimzuilie begi wala simu kwa ajili ya hotpoti. Kituo cha Magufuli pale Mbezi si mbali nanyi, mume wako amsindikize, na mpigie mzazi wake umwambie anafika na basi gani. Wa kumpokea nafasi yake mchukue kabla huyu hajaondoka kama inawezekana, wakae wote siku kadhaa. Ikishindikana, omba likizo fupi kazini, ukae nyumbani na huyo mpya siku tatu nne, umwone anavyomlisha na anavyomwogesha mtoto, ndipo utoke na kufunga geti.